Mti wa mbula ulionusurika uani

Tunda la kwanza lilipoanguka juu ya bati, yapata saa tisa usiku, kitinda mimba wa nyumba ile aliamka akilia kwamba wezi wanarusha mawe. Bibi yake, ambaye wanalala chumba kimoja, alimvuta shuka na kumwambia alale.

"Ni mbula, mume wangu. Popo wanakula zao, wanatuangushia zetu."

Ilikuwa wiki ya pili ya Agosti 2024, katika nyumba moja pembezoni mwa Ujiji, upande unaoteremka kuelekea bonde la Luiche. Asubuhi yake watoto waliamka kabla ya kuamshwa, jambo ambalo mama yao anasema halijawahi kutokea siku ya shule. Walizunguka uani na beseni, wakaokota matunda ya rangi ya udongo yenye ukubwa wa yai dogo, ngozi yake chakavu kama gome, harufu yake nzito na tamu. Walirudi na nusu beseni. Baba yao alikuwa amekaa barazani akishona wavu, akawatazama bila kusema neno. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amekubali mti ule uchomwe mkaa.

Si mtu mbaya, wala hana chuki na miti. Ni mvuvi. Tarehe 15 Mei mwaka huo shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ziwa hilo ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na wavuvi wa pande zote walikuwa wameona kwa macho yao jinsi dagaa na migebuka walivyozidi kupungua. Baba huyu hakupinga. Alikwishawahi kukesha na taa usiku kucha na kurudi na samaki wasiotosha hata kulipa mafuta. Lakini kukubali kwamba ziwa lipumzike ni jambo moja, na kulisha watoto wanne bila ziwa ni jambo lingine. Mtumbwi ulipandishwa mchangani. Mkewe, aliyezoea kununua dagaa mwaloni na kuwauza sokoni Mwanga, alibaki na mawese peke yake, na mawese kila mtu Kigoma anayauza.

Kufika katikati ya Juni daftari la dukani lilikuwa limejaa. Binti mkubwa, aliye kidato cha pili, alikuwa anadaiwa michango, na viatu vyake vilikuwa vimeachia nyuzi upande mmoja. Ndipo akaja mtu wa mkaa.

Alibisha hodi kwa adabu, akamwamkia bibi, akakaa. Kisha akainua macho, akauangalia mti kuanzia shinani hadi kwenye matawi ya kwanza, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu magunia. Kibali angekifuatilia mwenyewe, kukata angekata mwenyewe, na fedha angetoa siku hiyo hiyo. Kiasi alichotaja kingelipa deni la duka na michango ya binti, kikabaki cha kununulia mahindi. Baba alisema atampa jibu. Kila aliyekuwa pale alijua jibu lenyewe.

Kiwanja si chake. Ni cha mama mkwe wake, yule bibi, aliyekisafisha na marehemu mumewe walipohamia pale wakiwa vijana. Walikata vichaka vyote wakaacha mbula mmoja. Kwa hiyo jioni ile mkwe alikwenda kuomba ruhusa kama ilivyo desturi, akaketi chini kwenye mkeka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Huna haja ya kuanza mwanzo."

Mkewe alikuwa mlangoni akisubiri mama yake akatae, ili yeye asiwe mtu wa kukataa. Bibi hakukataa. Alisema watoto ni wa kwanza, mti ni wa pili, na kwamba hata yeye aliwahi kuuza vitu alivyovipenda. Ila aliuliza swali moja: je, mtu wa mkaa anaweza kungoja hadi mwezi wa tisa? Mbula huangusha kiangazi kinapoelekea mwisho. Kama lazima ukatwe, basi watoto wale kwanza.

Mtu wa mkaa hakuweza kungoja. Alikuwa na gari la kujaza. Akaja siku ya tatu na kijana mmoja na msumeno, na hapo ndipo mti ulipojitetea wenyewe. Mafundi mbao wanalijua jambo hili: mbao ya mbula ina chembechembe kama za mchanga ndani yake, nayo huyala meno ya msumeno. Kijana alikata sehemu iliyozidi upana wa kiganja kidogo tu, akasimama, akanoa, akaendelea, akasimama tena. Mchana walikwenda kutafuta msumeno mwingine. Hawakurudi siku ile, na kesho yake mkewe alifanya alichokuwa anakiogopa. Alimwita mumewe nyuma ya jiko.

"Baba watoto, uza baiskeli yangu. Mti uache."

Baiskeli ndiyo iliyokuwa ikibeba madumu ya mawese kwenda Mwanga. Aliiuza kwa bei ya hasara, na kuanzia siku hiyo akawa anatembea na dumu kichwani. Deni la duka likapungua nusu. Michango ya binti ikalipwa robo. Viatu vikashonwa kwa uzi wa wavu. Wazazi watakaosoma habari hii watajua kwamba huo haukuwa ushindi wa mtu yeyote, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na wiki nzima ya watu kusemeshana kupitia watoto.

Kwa nini alifanya hivyo, mwenyewe hawezi kueleza kwa sentensi moja. Alizaliwa pale lakini alikua mtoto wa mjini, wa maembe. Ujiji nzima ni ya maembe. Mwembe ndio mti wenye makumbusho: wageni huja kutoka mbali kutazama mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871, chini ya mwembe, na miembe iliyopo pale leo husemwa kuwa ni vizazi vya ule wa kwanza. Hakuna anayekumbuka kwamba mwembe wenyewe ni mgeni, asili yake Asia, na kwamba ulifika huku kwa njia za misafara. Miti iliyokuwapo kabla ya misafara haina kibao. Mbula, mkusu, mtonga, mbungo: kwa mama huyu yalikuwa majina ya mamaye, vitu vya porini, vya watu wa zamani. Hadi mtu wa mkaa alipoanza kuhesabu magunia.

Anayekumbuka vizuri ni bibi. Siku hizi macho yake hayaoni mbali, lakini akishikishwa jani anakutajia mti. La mbula analijua kwa upande wa chini, ulio mweupe wa kijivu na laini kama kitambaa. Katika miezi ile ya ziwa kufungwa, mkwe wake asiye na kazi na wajukuu walio likizo walikuwa wanafunzi wake bila kujiandikisha. Alisema mbungo ni mtambaazi, unataka mti wa kupanda, maua yake meupe yananukia jioni, na mbegu yake iote mapema ingali mbichi. Mabungo ni ya wakati wa mvua, mbula ni ya mwisho wa kiangazi, matonga yako kati ya hapo, kwa hiyo mwenye vyote vitatu uani hakosi cha kumpa mtoto.

Habari ya mkusu ndiyo ilimchekesha bibi hadi machozi. Mkwe wake aliwahi kujaribu kuupanda, miaka mingi kabla, baada ya kula makusu matamu aliyoletewa na abiria wa treni. Mara ya kwanza alianika mbegu dirishani zikauke vizuri, kama mtu anavyofanya na mbegu za mahindi. Hakuna hata moja iliyoota. Mbegu ya mkusu ikikauka imekufa; inataka kupandwa ndani ya siku chache baada ya kutoka kwenye tunda. Mara ya pili alipanda mbichi, zikaota, zikadumaa, kwa sababu mche wa mkusu unahitaji kuvu fulani wa udongoni wanaoshirikiana na mizizi yake, na kuvu hao hupatikana kwa kuchota udongo chini ya mkusu mkubwa na kuuchanganya kwenye kiriba. Mara ya tatu alifanya hayo yote, na mche mmoja ukaishi. Akaumwagilia. Akauwekea uzio wa miiba dhidi ya mbuzi. Ukapita mwaka wa tano, wa nane, wa kumi, kwani mkusu wa mbegu unaweza kuchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa. Hatimaye ukatoa maua, familia nzima ikaenda kuyaona.

Ulikuwa dume. Mikusu ina madume na majike, na dume halizai kitu.

"Mkwe wangu," bibi alisema siku ile, "umelea shemeji."

Mtaalamu yeyote wa vitalu angemwambia apande miche mingi kwa pamoja, au atafute mche uliobebeshwa kikonyo cha mti unaojulikana kuwa unazaa. Huo huweza kuanza kuzaa ndani ya miaka minne hivi. Lakini nani alikuwa wa kumwambia? Vitalu vya barabarani vimejaa miembe, miparachichi na michungwa. Anayetaka mche wa mti wa kwao ataanza na mbegu na subira.

Kuna siku moja katika Julai ambayo mama huyu hapendi kuikumbuka. Mtoto wake wa tatu, mvulana wa darasa la nne, alipata tonga kutoka kwa wenzake. Tunda hilo lina ganda gumu kama mbao, huwezi kulimenya kwa kisu. Alilipigiza kwenye jiwe hadi likapasuka, akala nyama yake ya rangi ya machungwa, na kwa kuwa njaa ilikuwapo akatafuna na mbegu. Mama aliporudi sokoni alimkuta dada yake mkubwa amemwinamisha kijana, anamtemesha, na bibi anauliza kwa sauti ya juu, "Ametafuna ngapi? Amemeza ngapi?" Mtonga ni wa jamaa ya miti yenye sumu kali, na mbegu zake si za kutafunwa, hata kama nyama iliyoiva ni salama na tamu. Alikuwa ametafuna mbili, na uchungu wake ukamfanya ateme karibu zote. Walimpeleka zahanati hata hivyo, wakakaa naye hadi jioni. Hakupata kitu zaidi ya hofu, na mama yake akapata sehemu kubwa zaidi ya hofu hiyo.

Usiku ule bibi aliweka sheria, na zimebaki kuwa sheria za nyumba. Hakuna kula tunda la porini ambalo mtu mzima hajalitaja jina. Tonga la kijani halipasuliwi, tonga lililoiva hulambwa na mbegu hutemwa. Mbula haziangushwi kwa mawe: mti huziachia zenyewe kabla hazijaiva sawasawa, zikaivia chini, na ya kupigwa jiwe ni chungu tu. Na tunda lililoumwa na popo au tumbili haliliwi, hata likimegwa upande ule mwingine. Hiyo ya mwisho watoto waliiona ni uchoyo. Mama aliwaeleza kwa namna yao kwamba mate ya wanyama hubeba magonjwa, na yaliyobaki chini baada ya wageni kula ni ya kuku na ya udongo.

Wageni wapo kweli. Popo huja usiku. Alfajiri kuna hondohondo wanaopiga kelele kama wamegombana kwao. Tumbili huja mchana watu wakitoka, na hapo kuna kesi ambayo haijaisha. Jirani wa upande wa chini ana shamba la mahindi na muhogo, na anasema mti ule ndio unaowaita. Wakishiba mbula hawaendi moja kwa moja nyumbani, hupitia kwake. Amekuja kulalamika mara mbili, mara ya pili akiwa na kiongozi wa mtaa. Ana haki yake. Mama huyu anampelekea beseni la mbula kila wiki ya msimu, na mvulana wa darasa la nne amepewa zamu ya kulinda mahindi ya jirani siku za Jumamosi, adhabu na fidia kwa mkupuo mmoja. Ni rahisi kuzungumza habari ya kupanda miti kwa ajili ya ndege na wanyama ukiwa huna jirani mwenye mahindi.

Baba alikuwa wa mwisho kusema lolote kuhusu mti, na alipozungumza hakuzungumzia uani. Alizungumzia Gombe. Kwa miaka mingi ameipita hifadhi hiyo na mtumbwi akielekea kaskazini, na anasema mtu hahitaji kibao kujua inapoanzia. Vilima vinakuja vikiwa vimenyolewa, halafu ghafla kijani, halafu tena vimenyolewa. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, mahali penyewe pakawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na miaka iliyofuata misitu nje ya mpaka ikaisha kwa mashamba na kuni hadi sokwe mtu wakabaki kama watu wa kisiwani. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE, uliowashirikisha wanavijiji wenyewe, kwanza kwa vitalu vya miche. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu nyingi hazihitaji hata mche: visiki vilivyoachwa vikipumzishwa moto na panga huchipua vyenyewe.

Sokwe wa Gombe wanakula mbula. Wanakula mabungo. Matonga wanayapigiza kwenye miti na mawe hadi yapasuke, vile vile alivyofanya mvulana wa darasa la nne, isipokuwa wao wana mama zao pembeni. Baba alipowasimulia watoto hayo, mvulana alitaka kujua kama sokwe hutafuna mbegu. Baba alisema aliyetafuna hakurudi kusimulia, jibu ambalo si la kisayansi lakini lilifanya kazi.

Msimu wa mbula ule ulidumu wiki kadhaa. Mama alipanga mafungu kando ya mawese yake. Kwanza wateja walikuwa wazee, wakinusa na kutabasamu. Kisha vijana waliotaka kujua ni nini. Nyumbani nyama ya mbula ilichujwa ikatiwa kwenye uji, na watoto wakauacha ule wa sukari. Mbegu zilivunjwa taratibu kwa jiwe, kiini kikakaangwa kama karanga. Mahesabu yalipofanywa, fedha ya mafungu haikufika hata theluthi ya ile ya mtu wa mkaa. Mama aliyasema hayo mwenyewe, mezani, bila kuulizwa. Mume wake alijibu kwamba mkaa ungeuzwa mara moja. Yeye akajibu kwamba baiskeli nayo iliuzwa mara moja. Wakacheka, mara ya kwanza tangu Juni.

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa na baba akarudi majini. Baiskeli haijarudi. Binti alimaliza kulipa michango mwezi wa kumi, baada ya kusimamishwa mbele ya wenzake mara mbili, na hilo mama yake analihesabu upande wake wa gharama, hadanganyi.

Jeraha la msumeno bado linaonekana shinani, limeanza kufungwa na gome jipya. Upande ule ule, hatua kama sita kutoka kwenye shina, mizizi imetoa machipukizi matatu. Bibi anasema mbula hufanya hivyo ukiuudhi. Kupanda kwa mbegu kungechukua miezi, na nyingi haziamki kabisa, lakini chipukizi lenye mzizi wake linaweza kuhamishwa mvua ikishakolea. Mwezi wa kumi na mbili baba alichimba moja kwa uangalifu, akilifungia na udongo wake kwenye kipande cha kiroba, akawauliza wanawake wa nyumba walitaka wapi.

Mkewe alisema mbali na mpaka wa jirani. Mvulana alisema karibu na dirisha lake. Bibi alisema popote, ila si juu ya bati, yeye anataka kulala. Wakalipanda nyuma, karibu na mkusu dume.